Wati Kumi Zilizoogopwa

Kila redio ya wanafunzi inapozimwa katika chuo kimoja au kingine cha Marekani, hutokea mabwana na mabibi wenye kauli za upole wakaiandikia cheti cha kifo, na katika nafasi ya sababu ya kifo hujaza neno moja: intaneti. Vijana, husema wao, hawafungui tena redio. Muziki wao umo simuni. Mnara umekuwa chuma kitupu kinachokula fedha za karo. Magazeti hulidaka neno hilo, mashabiki wa zamani huomboleza siku mbili tatu, kisha mazungumzo huhamia kwingine. Ni uwongo, na umekaririwa kwa adabu muda mrefu kiasi kwamba hata waliodhulumiwa wameuamini. Redio hizo hazikufa kwa maradhi. Ziliuzwa, na katika kila mauzo palikuwa na muuzaji, mnunuzi, na bei iliyoandikwa.

Bei zenyewe zinajulikana. Agosti 2010, wanafunzi wakiwa bado likizoni, ilivuja habari kwamba Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kilikuwa kikiuza KTRU, redio iliyoanzishwa na wanafunzi wenyewe bwenini mwaka 1967 na ambayo wakati huo ilikuwa na nguvu ya wati 50,000. Bei ilikuwa dola milioni 9.5, na miongoni mwa matumizi yaliyotajwa ni ukumbi mpya wa kulia chakula. Tarehe 18 Januari 2011, katikati ya kipindi, mawimbi ya KUSF ya Chuo Kikuu cha San Francisco yalikatwa ghafla, na watangazaji wa kujitolea waliokuwa wakihudumia mji ule kwa miongo wakajikuta nje ya mlango. Hapo bei ilikuwa dola milioni 3.75. Juni mwaka huohuo bodi ya vyombo vya habari vya wanafunzi wa Vanderbilt, mjini Nashville, iliiondoa WRVU hewani na kuiachia intaneti tu, ikakubali kuuza leseni kwa dola milioni 3.35. Mwaka 2014 zamu ilikuwa ya WRAS ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, Atlanta, yenye wati 100,000. Hiyo haikuuzwa, ilikatwa mapande. Saa zote tangu kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni zikapewa shirika la utangazaji la jimbo, wanafunzi wakaachiwa usiku.

Sasa na tuulizwe wanaoisingizia intaneti: ni nani aliyeipeleka redio intaneti? Novemba 7, 1994, WXYC ya Chapel Hill, North Carolina, redio ya wanafunzi watupu, ilianza kurusha matangazo yake mtandaoni, na inahesabiwa kuwa miongoni mwa redio za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo. Wakati huo makampuni makubwa ya redio hayajajua hata kama mtandao ni kitu cha kuchezwa au cha kuogopwa. Mtu hawezi kuuawa na jirani aliyemkaribisha yeye mwenyewe, akamtandikia na mkeka. Tena kama masafa hayana thamani kwa sababu vijana wamehamia simuni, mbona wanunuzi walitoa mamilioni kuyapata? Hakuna atoaye dola milioni 9.5 kununua chuma kitupu.

Ili kuufahamu ubaya wa biashara hii inafaa kurejea nyuma kidogo. Mwaka 1945 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilitenga sehemu ya chini ya masafa ya FM, kuanzia 88 hadi 92, kwa ajili ya elimu na matangazo yasiyo ya biashara. Miaka mitatu baadaye, 1948, ikaongeza jambo dogo lenye hekima kubwa: leseni ya wati kumi. Wati kumi ilikuwa nguvu ndogo kuliko ya taa nyingi za nyumbani za wakati ule, na matangazo yake huvuka maili chache tu, yaani mji mdogo, mtaa, chuo na maduka yaliyokizunguka. Lakini mtambo wake ulikuwa rahisi, na chuo kisicho tajiri kiliweza kuumudu. Kwa leseni hiyo vijana wa miaka kumi na tisa walikabidhiwa kitu ambacho katika nchi nyingi kilikuwa mali ya dola: hewa.

Kwa wasomaji wa pwani hili si la kuelezewa sana. Tanzania ilikaa na redio ya serikali pekee mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, na anayejua jinsi Bongo Fleva ilivyoota katika vituo vipya vya Dar es Salaam baada ya hapo anajua pia kinachotokea masafa yanapofika mikononi mwa vijana. Tofauti ni kwamba Marekani ilikuwa na mlango wa tatu, usio wa dola wala wa tajiri. Huo ndio uliobomolewa.

Aliyeanza kuubomoa hakuwa mfanyabiashara, na hapa ndipo wengi wanapokosea shabaha. Mwaka 1972 Shirika la Utangazaji wa Umma la Marekani liliiomba Tume izishughulikie redio za wati kumi, kwa hoja kwamba zinakalia masafa ambayo vituo vikubwa vya umma vingeyatumia vyema zaidi. Mwaka 1978 Tume ikaitika: hakuna tena leseni mpya za wati kumi, na waliokuwa nazo wapande hadi wati mia au wakae bila ulinzi, tayari kusukumwa na yeyote mwenye nguvu zaidi. Mwaka 2000 Tume ilipojaribu kurudisha redio ndogo, safari hii za wati mia, chama cha wenye redio za biashara kilipinga, na Redio ya Taifa ya Umma, ile inayopendwa na wasomi kwa sauti zake za taratibu, ikapinga pamoja nacho. Bunge likazifunga redio ndogo mikono hadi sheria mpya iliposainiwa Januari 2011. Kwa hiyo mtu akisoma orodha ya waliochukua masafa ya wanafunzi hana haki ya kushangaa. Houston mnunuzi alikuwa chuo kikuu chenye redio ya umma. San Francisco ilikuwa mtandao wa muziki wa klasiki. Nashville ni redio ya umma ya mji. Atlanta ni shirika la umma la jimbo. Katika visa vyote vinne hakuna hata bepari mmoja wa katuni mwenye sigara na kofia ndefu. Ni watu wastaarabu, wapenzi wa Mozart na taarifa ya habari, waliokwenda kwa watu wastaarabu wenzao wakakubaliana kwamba watoto wamecheza vya kutosha.

Wamecheza nini watoto hao? Hili linastahili kujibiwa kwa urefu, maana dharau yote imejengwa juu ya kutolijua.

Pale Olympia, mji mdogo wa jimbo la Washington, chuo cha Evergreen kilikuwa na redio iitwayo KAOS. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waendeshaji wake waliweka kanuni ambayo hakuna mkurugenzi wa redio ya biashara angeithubutu: asilimia 80 ya muziki utakaopigwa itoke katika kampuni huru, yaani zile zisizo mali ya majitu machache yaliyomiliki biashara ya santuri. Msomaji aitazame kanuni hiyo vizuri. Haikusema muziki uwe wa namna gani. Haikutaja gita wala ngoma, huzuni wala ghadhabu. Iliuliza swali moja: nani mwenye santuri hii? Kwa jibu la swali hilo kila mtangazaji alilazimika kutafuta, kusoma vijarida, kuandikia barua kwa watu wa miji asiyoijua, kufungua bahasha zenye santuri zilizochapwa mia chache tu. Calvin Johnson alipitia studio hiyo, kisha mwaka 1982 akaanzisha kampuni ya K. Bruce Pavitt alipitia hapo, akaandika kijarida, akahamia Seattle, akapata kipindi katika KCMU, redio ya Chuo Kikuu cha Washington iliyoanza mwaka 1972 kwa wati kumi zilezile. Huko alimkuta Jonathan Poneman, mtangazaji mwenzake, na wawili hao wakaiendesha Sub Pop. Mwaka 1989 Sub Pop ikatoa albamu ya kwanza ya bendi ya Nirvana, ambayo bahasha yake yenyewe inatangaza kuwa ilirekodiwa kwa dola 600. Bendi hiyo ilikuwa imekwisha kupiga moja kwa moja katika KAOS mwaka 1987, wakati ambapo hakuna mtu nje ya jimbo aliyekuwa na sababu ya kulijua jina lake.

Hali ilikuwa hiyohiyo Athens, Georgia, mji wa chuo ulioitoa R.E.M. mwaka 1980. Kwa miaka kadhaa bendi hiyo iliishi kwa gari, vilabu vidogo na redio za vyuo, mji baada ya mji, hadi mwaka 1988 ilipotia saini na Warner. Washington nako, Ian MacKaye na Jeff Nelson walianzisha Dischord mwaka 1980 ili kuchapisha santuri ya bendi yao wenyewe iliyokwisha kuvunjika. Kampuni ya namna hiyo haina fedha ya tangazo. Inachokihitaji ni kijana mmoja katika kila mji atakayeitoa santuri bahashani saa nane za usiku na kuipiga mara mbili kwa sababu imemkera au imemliza.

Mpenzi wa mashairi anamjua mtu huyo. Ni yule mhariri wa ukurasa wa tungo anayepokea barua mia, tisini zikiwa na mizani iliyovunjika, akazisoma zote kwa sababu katika kumi zilizobaki huenda limo shairi la mtu wa Micheweni au Faza ambaye hajawahi kuonekana mjini. Halipwi kwa kusoma. Hukosea mara nyingi, na ana upendeleo wake na watu asiowapenda. Lakini ni mtu, anaulizika, na jina lake lipo chini ya ukurasa. Mtunzi aliyekataliwa anaweza kumwandikia beti za kumtia adabu, na zikiwa nzuri atazichapa.

Hapana shaka redio hizo zilikuwa na dhambi zake, na wanaozitetea kwa kuzifanya malaika wanazidhuru. Dhambi ya kwanza ilikuwa kiburi. Chuki ya kupendwa na wengi iligeuzwa maarifa. Bendi ikianza kusikika mtaani, mashabiki wake wa mwanzo waliitupa kama nguo iliyovaliwa na mwingine. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni rangi. Kile kilichoitwa roki ya vyuo kilikuwa kwa sehemu kubwa muziki wa vijana weupe wakiwachagulia vijana weupe, katika nchi ambayo roki yenyewe ilizaliwa na watu weusi. Mwaka 2007 mhakiki Sasha Frere-Jones aliandika katika The New Yorker kwamba roki ya indi imejikausha mahadhi ya Kiafrika na Kimarekani-Kiafrika, akashambuliwa pande zote. Mifano yake mingine ilikuwa dhaifu, lakini jeraha alilolitia kidole lilikuwepo.

Hata hivyo wanaolitumia jeraha hilo kuhalalisha kuuzwa kwa redio hizo hawaijui historia kamili. Muziki wa kufokafoka nao ulikaa katika studio hizohizo. WBAU ya Chuo Kikuu cha Adelphi, Long Island, ndiko walikokutana Chuck D, Bill Stephney na wenzao kabla Public Enemy haijatoa santuri yake ya kwanza mwaka 1987. WKCR ya Columbia, New York, ilimpa Stretch Armstrong na Bobbito usiku wa manane wa kila Alhamisi kuanzia 1990 hadi 1998, na katika saa hizo ambazo hakuna mtangazaji wa biashara angezitaka walipita Nas, Notorious B.I.G. na Jay-Z kabla ya dunia kuwajua. Kama leseni ile ingekuwa ya biashara, saa saba za usiku zingejazwa kanda iliyorekodiwa. Upweke wa masafa ndio uliotoa nafasi. Mwanahistoria Katherine Rye Jewell, katika kitabu chake cha mwaka 2023 juu ya historia ya redio hizi, ameonyesha jinsi zilivyokuwa daima uwanja wa mvutano kati ya wanafunzi, wakuu wa vyuo na miji iliyowazunguka. Mvutano huo ulikuwa ndiyo faida yake. Muziki wa klasiki unaoletwa kwa setilaiti haugombani na mtu.

Ama neno lenyewe, indi, lina kisa chake, na ni kisa cha wizi. Asili yake ni Uingereza, ambako bendi ya Buzzcocks ilijitolea santuri yenyewe mwaka 1977, na ambako chati maalumu ya kampuni huru ilianza Januari 1980. Lilikuwa ni neno la uhasibu: lilieleza nani kalipia na nani anasambaza. Marekani lilipoingia likakuta kanuni kama ile ya KAOS likakaa vizuri. Kisha wenye mali wakaona. Mwaka 1988 Billboard ikaanzisha chati ya roki ya kisasa. Mwaka 1991 tuzo za Grammy zikazaa kitengo cha muziki mbadala. Mbadala wa nini, hawakusema. Septemba mwaka huohuo Nirvana, sasa chini ya DGC, tawi la kampuni ya Geffen, ikatoa Nevermind, na Januari 1992 albamu hiyo ikamshusha Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza. Kuanzia hapo mawakala walimiminika Seattle kama wavuvi waliosikia kuna dagaa.

Lililofuata halikuwa jipya kwa mtu aliyeona taarabu ikitoka katika vikundi vya wanachama ikaingia katika kanda za mipasho. Neno lililokuwa likitaja umiliki likageuzwa kutaja ladha. Indi ikawa sauti fulani ya gita, nyusi zilizokunjwa, miwani minene, shati la mitumba linalouzwa ghali kuliko jipya. Kufikia 2003 na 2004 tamthilia ya televisheni The O.C. na filamu Garden State ziliuza huzuni ya indi kwa maelfu waliokuwa hawajawahi kusikia redio ya chuo, na bendi zilizo chini ya kampuni kubwa kabisa zikaitwa huru bila mtu kucheka. Februari 2011 Arcade Fire walipopewa Grammy ya albamu bora ya mwaka kwa santuri iliyotolewa Marekani na Merge, kampuni iliyozaliwa North Carolina mwaka 1989, ilikuwa haki yao na ya Merge. Lakini itazamwe tarehe. Ni mwezi uleule ambao watangazaji wa KUSF walikuwa wakiandamana nje ya studio walizofungiwa. Tunda lilipewa medali, shina likapigwa shoka, na hakuna aliyeona haja ya kuviunganisha.

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki kina kipande cha ziada. Mwaka 2008 bendi ya Vampire Weekend, vijana waliokutana Columbia, walitoa santuri iliyosifiwa kila mahali kwa gita zake nyepesi, na wimbo mmoja humo ulibeba jina la kwasa kwasa. Yeyote aliyecheza muziki wa Kikongo katika kumbi za Dar es Salaam au Mombasa miaka ya 1980, Kanda Bongo Man alipoieneza kwasa kwasa, alizitambua gita hizo mara moja, na pengine akatabasamu. Kuazima si dhambi. Muziki wa pwani umeazima Misri, India, Cuba na Kongo, na haujaona haya. Kasoro ni kwamba wahakiki wengi waliipokea sauti ile kama uvumbuzi wa darasani. Redio ya chuo iliyo hai ilikuwa na dawa ya ujinga huo: kipindi cha santuri za Kiafrika cha Jumapili mchana, kikiendeshwa na mzee wa mtaani au mwanafunzi wa kigeni, ambacho msikilizaji hukiangukia kwa bahati wakati anasubiri roki yake. Hicho ndicho cha kwanza kufutwa bei inapokubaliwa.

Wakati haya yakitendeka, redio ya biashara ilikuwa imejimaliza yenyewe. Sheria ya Mawasiliano ya Februari 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchini. Kabla yake kikomo kilikuwa 40. Clear Channel ya Texas ikavimba hadi kufikia vituo kama 1,200, nyimbo zikachaguliwa ofisini mbali na miji zilikopigwa, na Julai 2005 Sony BMG ikakubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi ya mwanasheria mkuu wa New York juu ya rushwa ya kupigiwa nyimbo. Mwaka 2018 Clear Channel yenyewe, ikiwa imebadili jina kuwa iHeartMedia, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Kwa maneno mengine, vyuo viliuza masafa yake wakati uleule ambapo nchi ilikuwa na njaa kubwa kuliko zote ya redio isiyonunulika.

Basi, watajibu, si tunayo mashine? Si kuna huduma za muziki mtandaoni zenye kila wimbo uliowahi kurekodiwa, na programu inayomjua msikilizaji kuliko mama yake? Hoja hii ndiyo inayotamba leo, nayo ni mbovu katika mbavu zake zote. Mashine hiyo haimjui mtu, inamkumbuka. Humpa kesho kilichofanana na alichokubali jana. Wala haina mikono misafi. Novemba 2020 Spotify ilitangaza mpango ambao msanii au kampuni yake hukubali malipo pungufu ili wimbo wake usogezwe mbele katika mapendekezo. Enzi ya Alan Freed jambo la namna hii lilipeleka watu mbele ya kamati za Bunge. Leo linaitwa huduma kwa wasanii. Na tangu 2024 wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili haulipwi kitu katika mfuko wa wimbo uliorekodiwa. Mtu aupime uamuzi huo kwa mizani ya wati kumi. Santuri nyingi zilizobadili muziki wa Marekani zisingefika elfu katika mwaka wake wa kwanza. Mtangazaji wa KAOS hakuwa na kikomo cha elfu. Alikuwa na msikilizaji mmoja aliyepiga simu kuuliza jina la bendi, na hilo lilitosha wimbo upigwe tena.

Hata uhakiki ulioandikwa, uliodhaniwa utashika nafasi ya redio, haukupewa maisha marefu. Pitchfork, iliyoanzishwa Minneapolis katikati ya miaka ya 1990 na kijana aliyekuwa hana ajira ya maana, ilinunuliwa na Condé Nast mwaka 2015, na Januari 2024 ikatangazwa kuingizwa chini ya jarida la mitindo ya wanaume. CMJ, iliyokusanya chati za redio za vyuo tangu 1978, ilifanya tamasha lake la mwisho mwaka 2015.

Na je, redio hizo kweli hazina msikilizaji? Usiku wa Aprili 30, 2024, polisi wa New York walipoingia Columbia kuwatoa waandamanaji katika jengo la Hamilton, waandishi wengi wa nje walizuiwa malangoni. Waliokuwa ndani wakitangaza moja kwa moja ni wanafunzi wa WKCR, redio iliyozoeleka kwa jazi na, usiku wa zamani, kwa akina Nas. Watu waliomiminika mtandaoni kuwasikiliza walikuwa wengi mno hata tovuti yao ikaelemewa. Waliobaki walishika masafa 89.9. Vijana hao hawakuwa wameandaliwa kwa usiku huo na kamati yoyote. Walikuwa na mtambo, leseni, na mazoea ya kukaa studio saa ambazo wengine wamelala.

Yaliyoyapata masafa yaliyouzwa nayo yasimuliwe, kwa kuwa wauzaji hawayasimulii. Masafa 91.7 ya Houston yaligeuzwa kituo cha muziki wa klasiki. Miaka michache baadaye mnunuzi akachoka, na mwaka 2016 yakauzwa tena, kwa dola milioni 10, kwa taasisi ya muziki wa Kikristo. Wanafunzi wa Rice walirudi hewani mwaka 2015 katika masafa mengine, kwa leseni ndogo ya aina ile iliyopingwa mwaka 2000. Shirika la Utangazaji wa Umma, lile la ombi la mwaka 1972, lilinyimwa fedha na Bunge la Marekani Julai 2025, likatangaza kufunga shughuli zake. Vituo vilivyoshangilia kumeza masafa ya wadogo sasa vinaomba huruma ya umma kwa hoja zilezile walizokuwa nazo wadogo. Na Nashville, masafa 91.1 yaliyochukuliwa kwa wanafunzi wa Vanderbilt ili yapigwe klasiki yalibadilishwa tena mwaka 2020. Redio ya umma iliamua kuwa mji unahitaji kituo cha muziki mpya, cha bendi za nyumbani na kampuni huru, kinachoongozwa na watangazaji wanaojichagulia santuri. Kituo hicho kinaitwa WNXP, na kina wapenzi wengi. Hakuna kumbukumbu kwamba mtu yeyote aliwaomba radhi wanafunzi wa 2011.

Leseni za redio Marekani huhuishwa kila baada ya miaka minane. Vyuo vingi bado vinazo, baadhi katika vyumba vya chini vinavyovuja, na kila chuo chenye upungufu wa fedha kinajua sasa bei yake sokoni. Wanaozipenda redio hizi wangefanya vyema kuacha matanga na kudai maandishi: kwamba leseni iliyopatikana kwa jina la wanafunzi isiuzwe wala kukodishwa bila kura yao, kura ipigwe muhula wa masomo ukiwa umefunguliwa na si Agosti, na hesabu ya mauzo iwekwe wazi kabla ya saini. Rice, San Francisco, Vanderbilt na Atlanta, hakuna hata chuo kimoja kilichopitisha mambo yake kwa njia hiyo.